Somo: Unanunua nyumba ya kwanza Mwanza? Nafuu ya kodi iko hapa

Niseme mapema tusipotezeane muda. Tanzania hakuna msamaha wa kodi ya majengo unaopewa kwa sababu tu hii ndiyo nyumba yako ya kwanza. Ule ujumbe unaozunguka kwenye simu, kwamba mnunuzi wa mara ya kwanza halipi ushuru wa stempu (kodi ya hati ya kuhamisha umiliki), ni wa Kenya. Kule anasamehewa anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Kisumu ni ng'ambo tu ya ziwa, lakini sheria yake haipandi meli.

Sisi tuna nafuu zilizotawanyika kwenye sheria mbalimbali, na kubwa kuliko zote wanunuzi wengi hawaijui kwa kuwa imeandikwa upande wa muuzaji.

Hatua ya 1: Jua unanunua nini. Kiwanja kitupu hakina VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Nyumba ya makazi ambayo watu wameshaishi miaka miwili au zaidi nayo haina. Inayoweza kubeba VAT ya asilimia 18 ni nyumba mpya inayouzwa kwa mara ya kwanza, hasa ukinunua kwa kampuni iliyosajiliwa kwa VAT. Uliza, na jibu liandikwe: bei hii VAT imo au bado?

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya kodi kabla ya kupatana bei. Hapa tukae kidogo, maana ndipo hela inapopotelea.

Anayeuza nyumba anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida. Kisheria ni mzigo wake. Lakini nyie mnajua madalali wetu: "Milioni arobaini, kodi zote juu ya mnunuzi." Ukishakubali hivyo, kodi ya muuzaji imekuwa yako, kwa hiyo nafuu yake nayo ni yako.

Tuchukue nyumba ya Buswelu inayouzwa milioni 40. Muuzaji asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kulipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Utaratibu huu uliingia mwaka 2022. Hiyo ni milioni 1 na laki 2. Sasa tuseme mikataba na risiti zake zipo: kiwanja milioni 10, ujenzi milioni 22. Faida ni milioni 8, kodi yake laki 8. Mmeokoa laki 4 kwa risiti za simenti na nondo zilizokuwa zinaliwa na mende kabatini.

Kuna zaidi. Kama nyumba hiyo ni makazi yake binafsi, ameimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi, ameishi humo jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida haizidi milioni 15, kodi hiyo haimhusu kabisa. Kwa mfano wetu ni sifuri. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "mwisho shilingi ngapi?" Muulize ameishi humo tangu lini, na ushahidi uko wapi.

Msidanganyane kuandika mkataba wa milioni 20 ili kodi ipungue. Uhamisho unadai taarifa ya mthamini, na thamani yake ikiwa juu ya bei yenu, hiyo ya juu ndiyo inayotumika. Halafu siku mkifikishana mahakamani, karatasi yako inasema ulilipa nusu.

Hatua ya 3: Ushuru wa stempu. Asilimia 1, kwa hiyo laki 4 kwenye mfano wetu. Ulipe ndani ya siku 30 tangu kusaini.

Hatua ya 4: Pango la ardhi. Hii si kodi ya majengo. Inalipwa kila mwaka kwa kiwanja chenye hati. Dai risiti za nyuma, kwa sababu deni linafuata kiwanja, halimfuati muuzaji aliyehamia Geita.

Hatua ya 5: Kodi ya majengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Tangu 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa hapa mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Usiponunua umeme miezi miwili, inakusubiri. Utakatwa yote siku utakaponunua. Msamaha upo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na kwa mwenye ulemavu asiye na kipato. Unaombwa kwenye ofisi inayosimamia kodi ya majengo (uliza halmashauri au Mamlaka ya Mapato, TRA), haujileti.

Maswali ya wanachama

*Mpangaji, Mabatini: Mimi nimepanga tu, mbona nakatwa 1,500 kila mwezi?*

Mita haijui nani mwenye nyumba. Kodi ni ya mwenye nyumba. Tunza jumbe za LUKU, mwonyeshe, mkatane kwenye kodi yako ya pango. Ukipanga upya, liandikwe kwenye mkataba.

*Nyasaka: Nyumba moja ina mita tatu na zote zinakatwa.*

Kodi ni ya jengo, si ya mita. Nenda kwenye ofisi inayosimamia kodi ya majengo na namba zote tatu, uombe ibaki moja. Usiache mwaka ukaisha ndipo uanze kudai.

*Kijana wa Buhongwa: Nimemnunulia mama nyumba, ana miaka 67. Hati ina jina langu. Atasamehewa?*

Hapana. Msamaha unamwangalia mmiliki anayeishi humo, na mmiliki ni wewe. Kama bado hujahamisha umiliki na kweli unampa mama, andikisha jina lake tangu mwanzo. Ila kugeuza hati sasa ili kukwepa 18,000 kwa mwaka, gharama za uhamisho zitakucheka.

*Igogo, mlimani: Sina hati, nina mkataba wa serikali ya mtaa. Nikilipa kodi ya majengo si nimeshatambuliwa?*

Umetambuliwa kama mlipaji. Makato ya LUKU hayakupi umiliki, hata ukilipa miaka ishirini. Fuatilia urasimishaji mtaani kwenu, upimiwe na upate hati.

*Igogo tena: Jirani yangu ana nyumba ya chini tu kwenye mteremko, lakini anakatwa kama ghorofa.*

Akapige picha pande zote nne, upande wa bonde usikosekane, maana msingi mrefu wa mawe ukitazamwa kutoka barabarani unafanana na sakafu ya chini. Aende nazo kwenye ofisi inayosimamia kodi ya majengo pamoja na namba ya mita, aombe marekebisho, na asiondoke bila nakala ya barua yake iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.