Somo: Kukata na kupanga maua ya msimu kutoka bustani yako

Ukitaja kupanga maua, wengi hufikiria mezani: chombo kizuri, rangi zinazopatana, mkono wenye ustadi. Mimi naona sehemu kubwa ya kazi inaishia bustanini na ndani ya ndoo. Ua lililokatwa saa mbaya, au likiwa bado changa, hata ulipange vipi litanyong'onyea kesho yake. Lililokatwa kwa wakati wake na kunyweshwa maji vizuri, hata ukiliweka peke yake kwenye gilasi litakupendeza kwa siku nyingi. Kwa hiyo msishangae nikikaa sana kwenye hatua za mwanzo.

Vifaa ni vichache: mkasi mkali wa kupogolea, ndoo safi mbili, chombo cha maua au jagi, kipande cha waya wa kuku (ule wenye matundu) au selotepu, na glavu.

Hatua ya 1: Zunguka kwanza bila mkasi

Tembea bustani nzima uone kilichopo wiki hii. Usiingie na wazo la waridi jekundu wakati waridi zimeshamaliza kuchanua. Tafuta vitu vya aina nne: maua makubwa machache yatakayobeba mpangilio, maua madogo ya kusindikiza, majani, na kitu chepesi kinachocheza hewani, kwa mfano kosmosi au nyasi zenye masuke.

Na ule msimu ambao maua ni haba? Hapo angalia matawi yenye matumba, vichwa vya mbegu vilivyokauka, majani yaliyobadilika rangi. Binafsi naupenda sana msimu huo, kwa sababu unakulazimisha kuangalia umbo la tawi badala ya kutegemea wingi wa rangi. Katika ikebana, sanaa ya Wajapani ya kupanga maua, nafasi tupu kati ya tawi na tawi huhesabiwa kuwa sehemu ya mpangilio. Tawi moja lenye mpindo mzuri na maua mawili chini yake yanatosha kabisa.

Hatua ya 2: Kata asubuhi na mapema

Usiku mmea hunywa maji bila kupoteza mengi, kwa hiyo alfajiri vikonyo vinakuwa vimejaa. Jua likishapanda, majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na ua ulilokata saa saba mchana linaanza safari yake likiwa na kiu. Ukikosa asubuhi, kata jioni jua likizama. Mchana acha kabisa.

Nenda na ndoo yenye maji mpaka kwenye mmea. Kata, tumbukiza, kata, tumbukiza. Usibebe maua mkononi ukizunguka nayo.

Kata kikonyo kirefu kuliko unavyodhani unakihitaji, juu kidogo ya kifundo cha majani. Zinia, kosmosi na dalia zikikatwa hivyo huchipua matawi mapya hapo chini ya mkato. Usionee mmea huruma: mimea ya msimu mmoja lengo lake ni kutoa mbegu, na ikishazitoa hupunguza kuchanua. Kadiri unavyokata ndivyo inavyoendelea kutoa maua.

Hatua ya 3: Jua kila ua linakatwa likiwa limefika wapi

Hapa ndipo maua mengi ya nyumbani huharibikiwa, kwa sababu hakuna kanuni moja ya yote.

Zinia ina kipimo chake. Shika kikonyo kama sentimita 20 chini ya ua, ukitikise taratibu. Kichwa kikiyumbayumba na shingo kulegea, liache. Ukilikata litainama siku hiyohiyo. Kikonyo kikisimama kigumu na kichwa kufuata mkono wako bila kupinda, kata. Wala usidanganywe na rangi, maana zinia huonekana limefunguka siku kadhaa kabla shingo haijakomaa.

Dalia halifunguki tena baada ya kukatwa, au hufunguka kidogo sana, hivyo likate likiwa karibu limefunguka lote. Kabla ya kukata ligeuze uangalie mgongoni. Petali za nyuma zikiwa bado nono na zenye rangi, ni zuri. Zikiwa zimeanza kusinyaa na kuwa laini, ua hilo limeshazeeka, liache bustanini.

Waridi ni kinyume chake, hilo linaendelea kufunguka ndani ya chombo. Subiri vile vijani vya kijani vinavyoshika tumba vijikunje kurudi chini na petali za nje zianze kulegea. Tumba gumu lililofungwa kabisa mara nyingi huinamisha shingo bila kufunguka.

Alizeti likate petali zikianza kunyanyuka kutoka kwenye uso wa katikati. Gladiolasi, maua mawili matatu ya chini yakionyesha rangi. Mengine yatafuata yakipanda juu siku baada ya siku. Yungiyungi (lile la bustanini, si la majini), tumba la kwanza likishajaa rangi. Tulipu likate likiwa tumba lenye rangi, na ujue litaendelea kurefuka ndani ya maji na kujipinda kufuata mwanga, kwa hiyo mpangilio wa tulipu wa leo hautakuwa ule wa keshokutwa.

Hatua ya 4: Yanyweshe kabla ya kuyapanga

Ondoa majani yote yatakayozama majini. Majani yakioza huzalisha bakteria, na bakteria huziba njia za maji ndani ya kikonyo. Kisha kata tena ncha, sentimita 2 au 3, kwa mshazari. Kikonyo hufanya kazi kama mrija: kikikaa nje ya maji hata kidogo, hewa huingia na kuzuia maji kupanda. Mkato mpya unaondoa sehemu hiyo iliyoziba, na mshazari unazuia ncha kukaa bapa kwenye kitako cha ndoo.

Maji yafike nusu ya vikonyo, yawe vuguvugu kidogo kwa maua mengi na ya baridi kwa yale yanayoota kutoka kwenye tunguu la ardhini, kama tulipu. Weka ndoo mahali penye ubaridi na giza kwa saa nne hivi, au usiku kucha ukiweza. Najua hatua hii inachosha mtu mwenye hamu ya kuona matokeo. Naomba msiiruke.

Yapo maua yanayotaka utaratibu wake:

Yenye utomvu mweupe, kama popi na jamii ya mnyaa, choma ncha kwa moto au ichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 20 hadi 30, ukikinga petali zisipate mvuke. Vaa glavu, na usijiguse macho: utomvu wa jamii ya mnyaa huwasha ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya.

Yenye mashina ya mti, kama haidrenja, pasua ncha wima kwa mkasi. Kuponda shina kwa nyundo, kama wengine wanavyofundisha, kunaharibu njia za maji na kuongeza uchafu.

Dafodili hutoa ute unaodhuru maua mengine, hasa tulipu. Ziweke peke yake kwenye ndoo saa kadhaa hadi ute ukome, kisha zipange bila kukata tena ncha. Ukizikata, ute unaanza upya.

Hatua ya 5: Andaa chombo

Kisugue kwa sabuni hadi kisiwe na utelezi ndani. Kwa chombo chenye mdomo mpana, kunja waya wa kuku uwe donge lililolegea, uusukume ndani. Vikonyo vitashikwa na yale matundu. Kama chombo ni cha kioo, tandika selotepu mistari ya kukatizana mdomoni, ipatikane miraba midogo.

Ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua siitumii. Imetengenezwa kwa plastiki, haiozi, na hubomoka kuwa chembe ndogo zinazoishia kwenye maji na udongo. Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, iliipiga marufuku kwenye maonyesho yake kuanzia mwaka 2021. Mwenye bustani anayejali udongo wake hana sababu ya kuileta nyumbani.

Hatua ya 6: Panga

Anza na majani na matawi. Yaweke yakielekea pande tofauti, yapishane ndani ya chombo. Huko kupishana ndiko kunakoshikilia mengine yote. Lililo refu zaidi lifike mara moja na nusu ya urefu wa chombo, au mara mbili kama chombo ni chembamba.

Kisha weka maua makubwa, matatu au matano. Yape vimo tofauti: moja karibu na mdomo wa chombo, moja katikati, moja juu kidogo. Yasitazame mbele yote. Moja ligeuzie ubavu, ndipo mpangilio utaonekana kama umetoka bustanini.

Kabla ya kuchomeka kila kikonyo, kishike kwa vidole viwili ukiache kijigeuze chenyewe. Utaona kinaelemea upande wake. Kipe upande huo. Maua ya bustani yana mipindo kwa sababu yamefuata jua na kukwepa majirani, na ukilazimisha mpindo uelekee ndani, kila kitu kitaonekana kimebanana.

Maua madogo yajaze mapengo, lakini si yote. Vitu vyepesi viingie mwisho, vipite juu ya vingine. Zungusha chombo kila baada ya kuchomeka mara chache, urudi nyuma hatua mbili kutazama. Ukianza kuongeza ua kwa sababu tu limebaki kwenye ndoo, simama hapo.

Hatua ya 7: Tunza

Badilisha maji kila siku mbili, osha chombo, kata ncha sentimita moja. Epuka dirisha lenye jua kali. Epuka pia kuweka karibu na matunda yaliyoiva, kwani hutoa gesi ya ethilini inayoyazeesha maua haraka, hasa karnesheni. Lililonyauka litoe mara moja, lisiyaharakishe mengine.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, asante kwa somo. Mimi nimezoea kuweka aspirini na sarafu ya shaba kwenye maji. Niendelee?

Jibu: Karibu sana. Achana navyo vyote viwili, msaada wake hauaminiki. Ua lililokatwa linataka chakula kidogo na maji yasiyo na bakteria. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa lita moja ya maji, pamoja na matone machache ya dawa ya klorini ya kufulia, vinatosha. Usiweke sukari bila klorini, utakuwa unalisha bakteria. Na maji yachanganye hivyo kila unapoyabadilisha.

Swali: Haidrenja zangu zilikuwa nzuri asubuhi, jioni zimelala zote. Nizitupe?

Jibu: Usitupe! Haidrenja hunywa maji hata kupitia petali zake. Kata ncha upya, pasua shina, kisha zamisha kichwa chote kwenye beseni la maji ya baridi kwa nusu saa hadi saa moja. Zikung'ute taratibu, uzirudishe kwenye maji marefu. Nyingi zitainuka. Zile ulizokata zikiwa changa sana, petali laini kama za siku ya kwanza, hazirudi. Mara nyingine subiri petali zikakamae kidogo.

Swali: Dada, nina paka wawili ndani na bustani yangu imejaa mayungiyungi. Nikiyaweka juu kabatini si inatosha?

Jibu: Haitoshi, ndugu yangu. Yungiyungi la kweli ni sumu kali kwa paka: majani, petali, chavua, hata maji ya chombo. Chavua ikimdondokea mgongoni akajilamba, figo zinaweza kufeli. Nyumba yenye paka isiingize yungiyungi hata moja, na ukishuku kuwa paka amegusa, mpeleke kwa daktari wa mifugo papo hapo bila kusubiri dalili. Kwa wasio na paka: ng'oa zile stameni (vijiti vya katikati vyenye chavua) mara ua linapofunguka, kabla hazijapasuka. Chavua ikikupata nguoni usisugue wala usitie maji, inyanyue kwa selotepu.

Swali: Waridi zangu zinainamisha shingo siku ya pili, na nilikata asubuhi kama ulivyosema.

Jibu: Kuna sababu mbili kubwa. Ama ulikata tumba likiwa gumu, ama maji hayapandi kwa sababu ya hewa au uchafu kwenye kikonyo. Kata ncha ndani ya maji, yaani mkasi na kikonyo vyote vimezama, kisha laza waridi zima kwenye beseni la maji vuguvugu kwa saa moja shingo ikiwa imenyooka. Ikishindikana, kata kikonyo kifupi uliweke kwenye kikombe kidogo. Kikonyo kifupi huhitaji maji yapande umbali mdogo.

Swali: Nina kibustani cha upana wa hatua tatu tu. Nipande nini nipate maua ya kukata mfululizo?

Jibu: Chagua mimea inayojibu mkasi. Zinia na kosmosi ziwe msingi, zote huota kwa mbegu moja kwa moja ardhini. Usipande mbegu zote siku moja. Gawa, upande kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, ili kundi moja likichoka jingine linaanza. Mche wa zinia ukifika sentimita 20 hadi 30, katisha ncha ya juu, utatoa matawi mengi yenye vikonyo virefu. Ongeza dalia moja au mbili na mmea mmoja wa majani ya kudumu, maana majani ndiyo watu husahau kupanda na ndiyo yanayokwisha kwanza. Na ukingoni acha nafasi ya nyasi zenye masuke. Hazihitaji mengi, na masuke yake ukiyakausha utayatumia hadi maua mengine yachanue.