Vitu vichache, hewa tele: kupanga fleti ya likizo ufuoni Mombasa

Fleti iliyo karibu na bahari, iwe Nyali, Bamburi au Shanzu, huliwa na hewa kabla haijachakazwa na wageni. Upepo huleta chumvi, miguu huleta mchanga, na masika hutia unyevu hadi ndani ya kabati. Kila unachoingiza humo ni kitu cha kupanguswa, cha kushika kutu au cha kufanya ukungu. Ndiyo maana vitu vichache vinafaa pwani kuliko bara. Nyumba za kale za mawe za Waswahili zililijua hilo: baraza la kujengea ni pa kukaa, zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ni pa kuweka vyombo, na chumba kinabaki cheupe. Maelezo haya ni ya fleti ya vyumba viwili vya kulala, wageni wanne.

Anza na kuta, na uzianze Januari au Februari, upepo wa kaskazi unapokuwa umezikausha. Rangi inayopakwa Mei hunasa unyevu nyuma yake, kisha huvimba na kubanduka. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa haipumui kabisa.

Ukiona unga mweupe umetoka ukutani, hiyo ni chumvi. Isugue kwa brashi kavu, uizoe, uitupe nje. Usiioshe, maana maji huiyeyusha ikarudi ndani ya plasta. Rudia kila wiki mpaka iache kutoka, ndipo upake.

Plasta ambayo haijawahi kupakwa rangi ya dukani ipake chokaa; juu ya rangi ya plastiki chokaa haishiki, itabidi uikwangue kwanza. Chekecha chokaa, pima sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji, iloweke usiku kucha, kisha uikoroge hadi iwe kama maziwa mazito. Lowesha ukuta, paka mkono mwembamba, yaani tabaka moja jepesi, ngoja siku nzima, rudia hadi mikono 3 au 4. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi utadhani hujapaka kitu. Usishawishike kuongeza uzito. Weupe hujitokeza ukikauka. Chokaa nzito hupasuka, na mgeni akiegemea huondoka na unga mgongoni. Fundi akitaka kutia chumvi ili ishike, mkatalie: chumvi huvuta unyevu, na ukuta wa ufuoni umeshapata wa kutosha. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza macho. Weupe mtupu huumiza macho kwenye chumba kinachoelekea bahari, kwa hiyo tia kijiko kimoja cha oksaidi ya manjano kwa ndoo ya lita 20, ukiijaribu kwanza pembeni.

Sasa chuma. Tazama skurubu ya kawaida iliyokaa msimu mmoja kwenye mbao nyeupe: kichwa kimevimba kahawia, na chini yake umeteremka mchirizi kama wa chai hadi sakafuni. Mchirizi huo hautoki kwa sabuni. Nunua skurubu za shaba, au za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Kwenye bolti utaona alama A4. Zenye alama A2 zinatosha ndani, mbali na madirisha. Nenda dukani na sumaku: ikinata kwa nguvu, ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro, kirudishe. Pazia halihitaji bomba la chuma. Fito ya mvinje iliyonyooka inatosha, na pindo likae sentimita 5 juu ya sakafu lisinyonye maji ya kudeki.

Sebuleni, baraza moja linachukua nafasi ya seti nzima ya makochi. Kimo sentimita 35 chini ya godoro la sentimita 10, kina sentimita 60, au 80 ukitaka mtu aweze kulala. Ukiwa ghorofani usilijenge kwa mawe. Baraza la mita 2 lililojaa mawe hupita kilo 600, na sakafu haikupigiwa hesabu hiyo. Mwambie seremala alitengeneze kwa mbao, na juu aache nafasi za sentimita 2 kati ya ubao na ubao, hewa ipite chini ya godoro. Foronya ziwe na zipu za plastiki; za chuma hung'ang'ania baada ya kufuliwa mara chache. Kitambaa kitafute Biashara Street: kikoi kimoja cha rangi tulivu kwa fleti nzima. Ukichanganya vitatu, utulivu wote unapotea.

Kwa fanicha, mbao za mwarobaini zinafaa sana, wadudu hawazipendi. Epuka chipubodi na MDF, yaani mbao za chembe za mti zilizoshindiliwa kwa gundi. Huanza kuvimba kwenye ncha ya chini, pale maji ya kudeki yanapogusa, na hazitengenezeki tena. Vitanda viwili vya futi 5 kwa 6 vyenye chaga, kila kimoja sentimita 10 mbali na ukuta. Chandarua kiwe cha pembe nne, kwa sababu cha mviringo huning'inia katikati, palepale penye feni. Badala ya kabati lenye milango weka fito ya kutundikia ya mita 1.2 na vitundikio 8 vya mbao. Nguo zilizofungiwa ndizo hufanya ukungu.

Mkeka wa miyaa mmoja kila chumba, uinuliwe sakafuni kila wiki. Mlangoni weka karai la maji na kata ya kunawia miguu, kwani mchanga hukwaruza vigae vinavyong'aa. Chagua vigae visivyong'aa.

Jikoni: sahani 6, bilauri 6, sufuria 3, kikaangio, visu 2, upawa, mwiko, birika. Na mbuzi ya nazi. Hiyo usiitoe hata ukitaka jiko tupu, kwani mgeni aliyekuja Mombasa atataka kupika wali wa nazi.

Fleti ikikaa bila mtu zaidi ya wiki mbili, simamisha magodoro, yaegemee kiti, yasiguse ukuta. Chomoa friji, ikaushe, uache mlango wazi kwa kipande cha mti. Acha madirisha ya juu yenye wavu yapitishe hewa, ila yale yanayoelekea upepo wa kusi wakati wa mvua yafunge. Mpe ufunguo mtu wa karibu, aje kila Jumamosi kufungua nyumba kwa saa mbili na kupangusa vitasa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu.