Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupanda Anakoishi Nyoka wa Milimani

Anayetoka Dar es Salaam kwenda kutembea kwenye nyika za juu za Mlima Kenya au milima ya Aberdare hujiandaa kwa baridi na kumsahau nyoka, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba nyoka ni wa joto. Huko juu, takriban kati ya mita 2,700 na 3,800 kutoka usawa wa bahari, anaishi nyoka mdogo mwenye sumu, wa jamii moja na kifutu wetu, ambaye wataalamu humwita Montatheris hindii na ambaye hapatikani nje ya Kenya. Urefu wake ni kama sentimeta 20 hadi 30, rangi yake ni ya kahawia au kijivu yenye pembetatu nyeusi mgongoni, na akijikunja kwenye kishada cha nyasi kavu utampita bila kumwona.

Buti zinazofunika vifundo vya miguu ni lazima. Suruali iwe ndefu na isibane. Beba fimbo, bandeji pana na vibao vya kufungia kiungo kisitikisike. Usiende peke yako.

Badilisha pia mazoea ya saa. Sisi wa pwani humhofia nyoka usiku na kutembea na tochi, lakini kule usiku una baridi kali, naye hujificha chini ya nyasi mpaka jua lipashe ardhi. Saa nne asubuhi, unapotafuta mahali pakavu pa kuketi unywe chai, naye yuko nje anaota jua, kwa hiyo pagonge kwanza kwa fimbo.

Pete, bangili na saa ya mkononi viache nyumbani, na katika hili sikubali ubishi. Binamu yangu aliumwa na kifutu kidoleni, shambani kwetu Kisarawe, alipokuwa akikusanya magugu. Hatukumchanja kwa wembe wala kumfunga kamba, tulimtuliza na kumtafutia gari upesi, tukaamini tumefanya yote yanayotakiwa. Pete ya ndoa haikumjia mtu akilini. Tulipofika barabara kuu kidole kilikuwa kimevimba hata pete imezama nyamani, na sabuni na mafuta ya kula havikuisogeza. Hospitalini waliikata kwa koleo na kumpa dawa ya sumu. Mkono ukapona, lakini kidole kilikuwa kimekosa damu kwa saa nyingi mno na baadaye kikaondolewa. Mimi ndiye niliyeushika mkono ule njia nzima, na pete nilikuwa naiona.

Kisarawe tulikuwa na gari. Mlimani mgonjwa hubebwa kwa saa kadhaa, na nyoka huyu hana dawa iliyotengenezwa mahususi kwa sumu yake, hivyo kabla ya kuondoka kubalianeni na mwongozaji ni nani watakaobeba, kwa njia ipi, na hospitali gani ipigiwe simu mapema.

Mengine ni ya kila siku: kung'uta viatu asubuhi, kutoingiza mkono kwenye nyasi usizoziona ndani, kuwazuia watoto wasitangulie. Ukimwona, mpishe wala usimuue, na ukungu ukishuka msiache njia iliyokanyagwa.