Somo: Kufunga tochi kwenye kofia ngumu ya saiti bila kuitoboa

Wakuu, somo hili ni la mafundi umeme, mafundi bomba na wote tunaoingia pasipofika jua: shafti ya lifti, besimenti, juu ya siling bodi, nyuma ya matangi. Mkono mmoja una plaizi, mwingine umeshika waya, tochi utaibana wapi? Wengi huibana kwa meno. Wengine huifunga kwenye kofia, ila kwa namna inayoiharibu kofia yenyewe: bolti mbili mbele, supaglu, au waya wa kufungia nondo. Kwa hiyo kabla ya hatua zenyewe, tuielewe kofia.

Kofia ngumu ina sehemu mbili, gamba la nje na mikanda ya ndani. Kitu kikidondoka, gamba hupokea pigo, mikanda huvutika na kulisambaza kichwani kote. Ile nafasi kati ya gamba na mikanda, kama sentimita 3 hivi, ndiyo inayokuokoa. Si ya kuwekea sigara, simu wala betri ya tochi. Ukiweka betri pale, siku tofali likishuka, betri ndiyo itakayofika kwenye fuvu kwanza.

Gamba lenyewe mara nyingi ni HDPE, plastiki ile ile ya madumu ya maji, au ABS. Tundu la drili ni mwanzo wa ufa, hata liwe dogo na safi kiasi gani. Kwa fundi umeme lina ubaya wa pili: kwa kiwango cha Marekani cha ANSI Z89.1, kofia ya Class E hupimwa kwa volti 20,000 na ya Class G kwa volti 2,200. Ukipitisha skrubu ya chuma kutoka nje hadi ndani, umeiondolea kinga hiyo kwa mkono wako. Na kofia yenye matundu ya hewa huwa ni Class C, yaani haina kinga ya umeme tangu kiwandani.

Lengo letu basi ni tochi ikumbatie kofia kwa nje, na ikikwama mahali ing'oke yenyewe kabla ya kukuvuta shingo.

Hatua ya 1: Kagua kofia
Igeuze, tazama chini ya ukingo. Utafute alama ya EN 397 (kiwango cha Ulaya) au ANSI Z89.1. Pembeni kuna kiduara kama saa: tarakimu za katikati ni mwaka ilipotengenezwa, mshale unaonyesha mwezi. Kisha libane gamba kwa viganja viwili, pande zote mbili, uliachie. Likitoa mlio wa kukatika-katika, au limepauka na kutoa unga ukilipangusa, usihangaike na tochi, badilisha kofia.

Hatua ya 2: Chagua tochi
Hapa ndipo watu wanapigwa. Boksi limeandikwa lumeni 90,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), ndani kuna betri moja ya saizi ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Chumvi tupu. Seli nzuri ya saizi hiyo huwa karibu 3,500. Kwa kazi ya karibu, kama kufunga swichi au kuunga bomba, lumeni 150 hadi 300 za kweli zinatosha kabisa. Zaidi ya hapo mwanga unagonga ukuta mweupe na kukurudia machoni.

Vitu ninavyoangalia mimi: isiwe nzito, kichwa chake kiinamishike, na iwe angalau IPX4 ili michirizi ya maji isiiue. Fundi umeme aongeze jambo moja, rangi ya mwanga. Taa za bei rahisi zina mwanga wa buluu-buluu, na chini yake waya wa kahawia unaweza kufanana na mweusi. Kwenye nyumba yenye waya za zamani nyeusi ndiyo nyutro, na kahawia ya siku hizi ni fezi, yaani yenye umeme. Mwenyewe unaona hatari iko wapi. Tafuta yenye mwanga mweupe wa joto, na popote ulipo, pima kwa testa kwanza ndipo ushike.

Nenda dukani na kofia yako. Mzunguko wa gamba ni mkubwa kuliko wa kichwa, na lastiki nyingi zimekatwa kwa ajili ya kichwa.

Hatua ya 3: Tafuta kishikio
Kama mtengenezaji wa kofia yako anauza kishikio chake cha taa kinachobofya kwenye nafasi za pembeni (zile za kuwekea viziba masikio), nunua hicho, somo limeisha.

Kama hakuna, kuna klipu ndogo za plastiki zinazodaka ukingo na kuishika lastiki. Huwa nne kwa pakiti.

Kama hata hizo hazipatikani, tumia tyubu ya pikipiki. Lastiki ikiwa peke yake juu ya gamba laini hukimbilia palipo pembamba, yaani juu, na ukiinama mara mbili tatu tochi iko utosini. Mpira wa tyubu unaizuia. Kata vipande vinne, kila kimoja saizi ya kiberiti. Kwenye kila kipande chana mistari miwili iliyosimama, mirefu kidogo kuliko upana wa lastiki, ukiacha kama sentimita 2 kati yake. Lastiki iingie kwa mstari mmoja na kutokea kwa mwingine, hivi kwamba sehemu kubwa ya mpira ibaki upande wa gamba. Tyubu mpya ina unga mweupe ndani. Uoshe kwa sabuni na uukaushe, la sivyo mpira utateleza badala ya kushika.

Hatua ya 4: Funga
Pangusa gamba kwa maji na sabuni tu. Thina, petroli na spiriti kali hula plastiki, na madhara yake huyaoni kwa macho. Vipande viwili vya mpira viwe usawa wa kipaji cha uso, viwili kisogoni. Shusha lastiki chini kadiri inavyowezekana, karibu na ukingo, kisha kaza hadi kidole kimoja kiingie kwa shida. Kama tochi ina boksi la betri la nyuma, hiyo ni bora: uzito wa mbele peke yake huivuta kofia machoni kila ukiinama.

Hatua ya 5: Lenga na ujaribu
Vaa kofia, kaza gurudumu la nyuma, simama wima. Mwanga uangukie sakafuni kama mita 2 mbele yako. Sasa inama ushike vidole vya miguu, tikisa kichwa, tazama juu. Kisha mwambie mwenzako aivute tochi kwa mkono: lastiki inatakiwa iteleze na kutoka, kofia ibaki. Ikigoma kutoka, umekaza kupita kiasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kwa nini nisitumie kebo tai? Zinapita vizuri kwenye nafasi za pembeni.
Kebo tai haiachii. Tochi ikinasa kwenye nondo ukiwa unashuka ngazi, ama kofia inang'oka ama shingo inavutwa. Pia kichwa cha kebo tai kikikaa kwa ndani, kinaingia kwenye ile nafasi tuliyosema iachwe wazi.

Supaglu tone moja tu, kaka, nayo ina shida?
Kama kofia ni HDPE, haitashika hata ujitahidi vipi. Jaribu kuligandisha dumu uone. Kama ni ABS, itashika, na gundi yenyewe inaweza kuifanya plastiki ipasuke pole pole pale pale ilipogusa. Hasara kote kuwili.

Mbona kofia za migodini zina taa mbele na hakuna anayelalamika?
Kwa sababu zimetengenezwa hivyo. Kishikio cha mbele na klipu ya waya ya nyuma vimewekwa na kiwanda, na kofia ikapimwa. Ukiipata yenye kiwango kinachotakiwa saiti kwenu, itumie tu.

Niko Mombasa, tunasafisha chemba za maji taka. Tochi hii inafaa?
Hapana, ndugu yangu. Kwenye chemba kuna gesi inayoweza kulipuka, na tochi ya kawaida inaweza kutoa cheche. Kunahitajika taa iliyothibitishwa kwa maeneo hayo. Ulaya huziwekea alama ya Ex ndani ya pembe sita. Na hata ukiwa nayo, usishuke kabla hewa haijapimwa na bila mtu wa kukusimamia juu. Gesi ya chemba inaua bila mlipuko wowote.

Nafanya kazi juu ya jukwaa, naogopa tochi ikiachia imdondokee mtu chini.
Hofu ya haki, dada. Funga uzi mwembamba kutoka kwenye lastiki hadi kwenye kola ya reflekta yako, uwe na urefu wa kukuruhusu kugeuza kichwa. Uzi wa kushonea nguo ukunje mara tatu: unabeba tochi ndogo, na ukikwama unakatika. Usitumie kamba ya nailoni.

Fomeni wetu amekataa kabisa, anasema ni marufuku kuongeza chochote kwenye kofia.
Basi msikilize. Maelekezo ya mtengenezaji ndiyo mwamuzi, na baadhi yao hawaruhusu kifaa kisicho chao. Mwombe taa ya kusimama yenye miguu, ile ya kuchaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 hapa Tanzania inamtaka mwajiri ahakikishe mazingira ya kazi ni salama, na kufanya kazi gizani si sehemu ya usalama huo. Kwa slabu nzima taa hiyo ni bora kuliko tochi kumi za kichwani, na haimmuliki mtu machoni mkiongea.