Viwakilishi vya nafsi vya Kiingereza: lini "she", lini "her"?

"My mother, he is sick." Kosa hili hata watu wazima wenye vyeti wanalo, na chanzo chake ni Kiswahili chetu. Sisi tukisema "anaumwa" inatosha, awe mama awe baba. Kiingereza kinataka uchague.

Hatua ya 1: Tafuta mtenda. Huyu huchukua I, you, he, she, it, we au they. He ni wa kiume, she wa kike, it ni kitu. They ni ya watu na vitu pia, kwa hiyo hata vitabu vyako ni they.

Hatua ya 2: Tafuta mtendwa. Hapa ndipo penye kazi. Chukua "ananipenda" ulipasue: a- ni mtenda, -na- ni wakati, -ni- ni mtendwa. Vyote vimo ndani ya kitenzi. Kiingereza huvitoa nje na kuvipanga: She loves me. Sasa geuza, "ninampenda": I love her. Mwanamke ni yule yule, ila mbele ya kitenzi alikuwa she, nyuma yake akawa her. Vivyo hivyo he huwa him, we huwa us, they huwa them. You na it hazibadiliki.

Hatua ya 3: Baada ya with, for, to na between, tumia sura ya mtendwa: with him, between you and me.

Hatua ya 4: Usimtaje mtenda mara mbili. "My brother he works" si sahihi. Sema My brother works, au He works.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Kwenye "it is raining", hiyo it ni nani?

Marahaba. Si mtu wala kitu. Sentensi ya namna hiyo haisimami bila mtenda, basi it inashika nafasi tu.

– Ng'ombe wangu naye ni it?

Wa mtu mwingine, usiyemjua jinsia, it. Huyo unayemkamua kila asubuhi na kumwita kwa jina, mwite she.

– Nimesoma "Someone left their phone". Mtu mmoja, their ya nini?

Ni sahihi kabisa, na Waingereza wanaitumia hivyo tangu karne ya 14. Humjui kama ni mwanamume au mwanamke, ndipo they na their zinapofaa, karibu sawa na "yeye" yetu. Ila kitenzi kibaki cha wingi: they are, si they is.