Mzazi anaumwa nyumbani na wewe uko shifti Marekani: nenda kauguze, kibarua kisiote nyasi

Hii ni kwa ndugu zangu mlioko Marekani, hasa mnaopiga mzigo kwenye maghala, nyumba za wazee na mahospitalini, maana huko ndo kila mara nasikia mtu kaacha kazi sababu mama yake kalazwa. Kaacha, hajafukuzwa. Kamwambia supavaiza anataka mwezi mmoja aende Mwanza au Kisii, supavaiza kajibu sisi hapa hatuna likizo ya hivyo, basi mtu kakubali, kajiuzulu, kakata tiketi, akirudi anaanza upya kuhangaikia kazi na bima ilishakatika zamani. Na wengi wao sheria ilikuwa upande wao kabisa.

Sheria yenyewe inaitwa FMLA (Family and Medical Leave Act, sheria ya Marekani nzima ya likizo ya familia na matibabu), Bill Clinton aliisaini Februari 1993. Inakupa mpaka wiki 12 ndani ya miezi 12 za kuuguza mzazi, mume, mke au mtoto, au kujiuguza wewe mwenyewe, ila ugonjwa uwe wa maana, mtu kalazwa au yuko kwenye matibabu yanayoendelea, sio mafua ya siku mbili. Hailipwi, tuelewane hapo mapema. Unachopata ni kwamba ukirudi unapewa kazi yako ileile au nyingine inayolingana nayo kwa mshahara na masharti, na bima ya afya ya kazini inaendelea kama vile upo, mradi ulipe ule mchango wako unaokatwagwa kila mshahara (ulizia HR, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi, utaulipaje ukiwa safarini, watu wengi wanasahau hili halafu bima inakatwa mtu yuko Kahama). Kama una siku za PTO, yaani likizo yako ya kulipwa, mwajiri anaweza kukulazimisha uzitumie humohumo ndani ya zile wiki 12, na mi naona sio mbaya, angalau wiki za mwanzo unaona hela.

Sasa sio kila mtu anayo. Inabidi uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12, sio lazima ifuatane, na ndani ya miezi 12 ya mwisho uwe umepiga masaa 1,250, yaani kama masaa 24 kwa wiki, na yanahesabiwa masaa uliyofanya kazi kweli, likizo haimo. Halafu mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka unapofanyia kazi. Serikali na shule za umma zinabanwa na sheria hata wakiwa wachache, ila wewe mfanyakazi ili ustahili bado inabidi mwajiri awe na hao 50 ndani ya maili 75. Hapo kwenye masaa ndo panapotuumiza sisi, maana mtu ana kazi mbili, asubuhi kwa huyu masaa 20 kwa wiki, usiku kwa yule masaa 20, jumla anachoka kuliko mtu wa fultaimu lakini masaa ya waajiri wawili tofauti hayajumlishwi, kwa hiyo hana haki hiyo popote. Kama una uhuru wa kuchagua, bora kazi moja ikupe masaa mengi. Na mlioko kwenye ejensi, zile kampuni zinazowapeleka kufanya kazi kwa wengine, msidanganywe kwamba ninyi ni wa muda tu hamuhusiki, ejensi ni mwajiri, na ndo yenye jukumu la kukupa hiyo likizo ukitimiza masharti.

Tuje kwenye mzazi ni nani, maana hapa watu wengi wanajifungia mlango wenyewe. Mwajiri anauliza mgonjwa ni nani yako, wewe unajibu ni bibi yangu, au shangazi, au kaka mkubwa. Jibu linalorudi ni kwamba bibi hayumo kwenye sheria, na kweli kwa maandishi hayumo, babu hayumo, ndugu wa tumbo moja hayumo, mama mkwe hayumo (huyo mume au mke wako ndo anaomba likizo kazini kwake). Lakini sheria hiyohiyo inasema mtu aliyekulea utotoni akasimama mahali pa mzazi, naye ni mzazi. Haijalishi mlikuwa na karatasi za mahakama au hamna, haijalishi mama mzazi yupo hai. Sasa nambie kwetu ni wangapi wamelelewa na bibi kijijini mpaka wakamaliza darasa la saba, au wamechukuliwa na mama mdogo Dar wakakulia pale, au baba alifariki mapema na kaka mkubwa akabaki kuwalisha na kuwasomesha? Hao wote wana hoja. Kwa hiyo ukiulizwa usiishie kwenye "bibi", sema bibi aliyenilea toka nikiwa na miaka minne, nilikuwa naishi kwake, yeye ndo alikuwa ananilisha, ananivalisha na kunilipia ada. Mwajiri anaweza kutaka uthibitisho wa undugu wenu, ila maelezo mafupi ya maandishi uliyoyasaini yanatosha, hana haki ya kudai hati ya kuasili ambayo haijawahi kuwepo. Na inakwenda kinyume pia, mtoto wa marehemu dada yako unayemlea hapo nyumbani kwako anahesabika mwanao mpaka miaka 18, akiumwa unaomba likizo kama mzazi.

Wala usiseme uongo. Shangazi uliyekuwa unamtembelea tu sikukuu sio mzazi, na ukikamatwa umedanganya unapoteza kila kitu.

Kuomba kwenyewe. Kama unajua mapema, mfano mzee ana operesheni imepangwa, toa taarifa siku 30 kabla. Kama ni ghafla toa haraka unavyoweza, siku ileile au kesho yake, kwa njia mnayotumiaga siku zote kutoa udhuru kazini. Sio lazima utaje jina la sheria mara ya kwanza lakini mi nashauri litaje. Kile kimeseji cha "nina dharura ya kifamilia sitakuja wiki hii" hakikusaidii kitu, kinaweza kumaanisha hata harusi. Andika: mama yangu mzazi amelazwa hospitali Nakuru toka jana, hawezi kujihudumia, nahitaji kwenda kumuuguza kuanzia tarehe fulani kwa wiki kama sita, naomba likizo ya FMLA, naomba fomu. Itume kwa imeili, kwa HR na supavaiza wote wawili, na nakala kwenye imeili yako binafsi, maana ya kazini wanaweza kuifunga ukiwa bado kwenye ndege. Ukishaomba wana siku tano za kazi kukwambia unastahili au hustahili, na kama hustahili waseme sababu.

Halafu inakuja cheti cha daktari. Hapa HR wasioijua sheria wanakutupia ile kauli, hatupokei vyeti vya nje. Si kweli. Kanuni zinasema mgonjwa akiwa anaishi nchi nyingine, mwajiri anatakiwa apokee cheti cha daktari wa huko aliyeruhusiwa kutibu kwa sheria za nchi hiyo, iwe Tanzania, Kenya, Uganda au popote. Ndugu zangu wa Kongo na Burundi, kama cheti kimeandikwa Kifaransa wanaweza kukudai tafsiri kwa maandishi, hiyo juu yako. Shida yetu kubwa ni vile vyeti vyenyewe, mnavijua, kikaratasi nusu ukurasa, "mgonjwa yupo wodini anaendelea na matibabu", muhuri wa bluu umelala pembeni, saini haisomeki, basi. Hicho kitarudishwa. Ipo fomu ya Wizara ya Kazi, WH-380-F, ipakue, itume WhatsApp kwa huyo ndugu aliyeko na mgonjwa aichapishe stesheneri, aende nayo kwa daktari mwenyewe sio nesi wa zamu tu, na amuelekeze kwamba kinachotakiwa ni tarehe ugonjwa ulipoanza, utachukua muda gani, na kwamba mgonjwa anahitaji mtu wa kumhudumia na kwa kiasi gani. Hilo la mwisho ndo madaktari wetu wanaliruka, wanaandika dawa zote mpaka dripu lakini hawaandiki kwamba mama hawezi kwenda chooni peke yake. Una siku 15 za kalenda kurudisha fomu, na kama umejitahidi kweli ikashindikana waambie kwa maandishi, wanatakiwa wakuongezee. Wakisema haijakamilika ni lazima wakwandikie kinakosekana nini na wakupe siku saba urekebishe. Wakitaka kumpigia daktari kuhakiki, anapiga mtu wa HR, supavaiza wako haruhusiwi kabisa.

Mabosi sasa. Wapo wazuri, mwingine hata anakwambia nenda tutaonana ukirudi, na huyo ndo umuogope zaidi maana hakuna karatasi, ukirudi yeye kahamishwa na mfumo unaonyesha ulitoroka kazi. Wengine wanakwambia tafuta kwanza mtu wa kukushikia shifti. Kwenye FMLA hiyo sio kazi yako. Wengine, hasa maghalani, wanakuhesabia pointi za utoro mpaka zinajaa, na siku zilizoidhinishwa kwa FMLA ni marufuku kuziwekea pointi. Mwingine anakushauri kwa sauti ya upole kabisa ujiuzulu halafu uombe tena ukirudi, eti ni rahisi kwa pande zote. Ni rahisi kwake. Usisaini. Ila na wewe ujue likizo sio kinga ya kila kitu, kama kampuni inapunguza watu na wewe ungepunguzwa hata ungekuwepo, utapunguzwa.

Kama mgonjwa unaye hapohapo Marekani unaweza kuichukua vipandevipande, mfano mzee anasafishwa figo mara tatu kwa wiki, unaondoka masaa yale tu unarudi kazini.

Angalia pia jimbo ulilopo, maana tofauti ni kubwa. Minnesota walianza likizo ya kulipwa tarehe 1 Januari 2026, mpaka wiki 12 za kuuguza ndugu, na huko bibi, babu, ndugu wa damu na wakwe wote wamo. Massachusetts ilianza kulipa 2021, Washington 2020, California toka 2004, na New York, New Jersey, Connecticut, Oregon na Colorado nako zipo. Maombi ya pesa kwa kawaida hayapitii kwa bosi, unaomba kwenye mfumo wa jimbo, ingawa New York unapitia bima ya mwajiri. Mlioko Texas na Georgia poleni, mnabaki na FMLA tu na moyo wa mwajiri.

Neno gumu kidogo: mgonjwa akifariki, FMLA ya kumuuguza inaishia hapo. Msiba haumo. Hizo siku tatu za msiba mnazozisikia ni utaratibu wa kampuni, japo Illinois na Oregon zinakupa mpaka wiki mbili kwa sheria na California siku tano. Kwa hiyo ikitokea uko huko, tuma imeili siku hiyohiyo uombe siku za msiba au PTO, usikae kimya mpaka arobaini.

Mlioko Uingereza kwenu ni tofauti. Kuna haki ya siku chache bila malipo kwa dharura ya mtu anayekutegemea, na toka tarehe 6 Aprili 2024 kuna wiki moja kwa mwaka, bila malipo pia, ya kumhudumia mwenye ugonjwa wa muda mrefu, zote toka siku ya kwanza kazini. Lakini mnaofanya keya (kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa) kwa viza ya mwajiri hesabuni vizuri, maana likizo isiyolipwa ikizidi wiki nne kwa jumla ndani ya mwaka wa kalenda inaweza kuigusa hiyo viza, ukiacha sababu chache zinazosamehewa. Pateni jibu la maandishi kabla ya kukata tiketi.

Na kwa wote, likizo ya mwajiri sio ruhusa ya kuingia tena nchini. Kama kesi yako ya ukimbizi bado inaendelea, au ulipewa hifadhi dhidi ya nchi hiyohiyo unayotaka kwenda, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujagusa pasi.

Wakikunyima, wakikufukuza au wakikupunguzia shifti kisa uliomba, hapo Marekani unapiga Wizara ya Kazi kitengo cha mishahara na masaa, 1-866-487-9243. Ni bure, na wanapokea malalamiko bila kujali makaratasi yako ya uhamiaji. Unaweza pia kushitaki mahakamani ndani ya miaka miwili. Kingereza kikikupiga chenga omba mkalimani wa Kiswahili mwanzoni kabisa mwa simu, na uwe na zile imeili zako mbele yako maana watakuuliza tarehe.