Somo: Kujenga maktaba shirikishi kwenye Linux, macOS na Windows

Wakuu, leo tuna faili moja la C, hesabu.c, na tunataka programu nyingi zilitumie kama maktaba shirikishi, yaani faili moja la msimbo ambalo programu hulipakia zinapoendeshwa. Tuanze na Linux:

gcc -fPIC -c hesabu.c
gcc -shared -Wl,-soname,libhesabu.so.1 -o libhesabu.so.1.0 hesabu.o

-fPIC hutoa msimbo usiojali utapakiwa wapi kwenye kumbukumbu. Ukiisahau, mara nyingi linka (kifaa kinachounganisha msimbo kuwa faili la mwisho) yenyewe itakukumbusha. Soname (jina lililo baada ya -Wl,-soname) haina wa kukukumbusha, na ndiyo wengi huiruka. Jina hilo huandikwa ndani ya maktaba, na kila programu inayolinkiwa nayo hulinakili. Siku ya kuiendesha, Linux hutafuta libhesabu.so.1, si jina ulilotaja kwenye -o. Basi weka viungo:

ln -s libhesabu.so.1.0 libhesabu.so.1
ln -s libhesabu.so.1 libhesabu.so

Hicho cha pili ni cha kulinki kwa -lhesabu. Ukibadilisha funksheni kiasi kwamba programu za zamani haziwezi kuitumia tena, 1 ya soname iwe 2. Tafadhali msilionee hili uvivu, wanaoumia ni watumiaji wenu.

macOS:

clang -dynamiclib -install_name @rpath/libhesabu.1.dylib -o libhesabu.1.dylib hesabu.c

-install_name ndiyo soname ya huku, ila hubeba na njia. @rpath huiachia programu iseme pa kutafuta.

Windows:

cl /LD hesabu.c

Tanguliza __declspec(dllexport) kwenye kila funksheni ya kutoka nje, la sivyo DLL (maktaba shirikishi ya Windows) itatoka bila funksheni yako hata moja, na hesabu.lib ya kulinkia hutaiona.

MASWALI

Swali: Mkuu, programu imejengwa vizuri, nikiiendesha Linux inasema "cannot open shared object file". Maktaba ipo folda hiyohiyo!

Jibu: Windows huangalia folda ya programu, Linux haiangalii mpaka uiambie:

gcc programu.c -L. -lhesabu -Wl,-rpath,'$ORIGIN'

$ORIGIN ni folda ya programu yenyewe. Alama hizo za nukuu ni lazima, bila hizo sheli itaimeza $ORIGIN kabla gcc haijaiona.

Swali: Nina Linux tu. DLL naipataje?

Jibu: Sakinisha MinGW-w64 (gcc inayojenga faili za Windows), kisha:

x86_64-w64-mingw32-gcc -shared -o hesabu.dll hesabu.c

Isipokuta dllexport popote, hutoa funksheni zote nje. Iweke hata hivyo, maana cl (kompaila ya Microsoft tuliyoitumia juu) haina huruma hiyo.

Swali: Nitajuaje soname imeingia?

Jibu: readelf -d libhesabu.so.1.0, tafuta mstari wa SONAME. Kwenye macOS ni otool -D.